Maza Haingii Kwenye Kasha

Nimeaibika leo, jamani. Si ile aibu ya kujikwaa sokoni, ukainuka, ukajifuta vumbi, ukaendelea. Hii ni aibu ya mbele ya shehe, mbele ya mke wangu, mbele ya nusu ya Misima, kijijini kwa mama, na mbele ya shimo lenye urefu wa mtu na zaidi. Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba ya mama, simu iko kwenye chaji, viganja vimejaa malengelenge. Nawaeleza mwenyewe kabla hamjaelezwa na wengine.

Twende taratibu.

Mnajua tangu miezi mitatu iliyopita nimeapa kuunda kompyuta yangu ya mezani kwa mikono yangu mwenyewe. Mlinicheka humu humu kwenye grupu. Mmoja akaandika, "Mbwana, anza na kiti kwanza." Sawa. Lakini mimi nachora ramani za nyumba hapa Handeni mjini, na laptopu yangu kila nikifungua mchoro wenye ghorofa inanguruma kama mashine ya kusaga, halafu inazima. Mteja ameketi anasubiri, mimi naipepea kwa bahasha! Nikasema imetosha. Nitaunda yangu, nitachagua kila kipande mwenyewe, na sirudi nyuma.

Vipande nikavikusanya kimoja kimoja. Prosesa, ninayo. Ramu, ninazo mbili. Diski, ninayo. Kasha, yaani lile boksi la nje ambalo vyote hivyo hukaa ndani yake, nikalipata kwa mtu aliyefunga ofisi yake ya uchapaji huko Korogwe, nikaliacha kwa dada yangu anayeishi Manundu, huko huko Korogwe. Kasha zuri ajabu! Jeusi, ubavu mmoja wa kioo, dogo kiasi cha kubebeka kwapani.

Kikabaki kitu kimoja tu, na ndicho kikubwa kuliko vyote: kile kibao ambacho vipande vingine vyote huchomekwa juu yake. Vitabu vinakiita bodi mama. Mafundi wetu wanasema mazabodi, na wakishazoeana nacho wanafupisha, wanasema "maza" tu, kama mtu. "Maza amekufa." "Maza wako wa zamani." "Mtafutie maza mwingine." Miezi mitatu ya kukaa na mafundi, na ulimi wangu ukahamia huko huko.

Leo asubuhi nikapanda gari kwenda Korogwe. Nilikuwa na mambo mawili: kununua maza na kumchukua mama. Mama yangu mzazi, Bi Mwanahawa, mwenye damu na nyama. Alikuwa kwa dada wiki nzima akihudhuria hospitali kwa ajili ya goti. Misima nzima ilimwona akiondoka anachechemea, ameshikwa huku na huku.

Nikamkuta barazani anakunywa chai, goti limepata nafuu, mkongojo umeegemezwa ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelifuata friji lako?"

"Si friji mama, ni kasha la kompyuta."

"Mbona ndani hamna kitu?"

"Ndiyo naenda kununua cha kuweka."

"Basi wahi. Leo lazima nilale kwangu. Nikikawia zaidi, Rukia atatangaza nimehama."

Bi Rukia ni jirani yake wa Misima. Nyumba zao zinatenganishwa na ua mmoja wa minyaa, na huu ni mwaka wa tatu hawasemezani. Mbuzi wa Bi Rukia aliingia kwenye mihogo ya mama. Mama akasema neno. Bi Rukia akajibu maneno mawili. Tangu hapo wakikutana njiani mmoja anaangalia mbingu, mwingine anaangalia vidole vyake vya miguu. Mimi Bi Rukia namwamkia, ananiitikia, basi. Hakuna la zaidi.

Nikabeba kasha langu kwapani, nikaenda dukani.

Muuzaji ni dada mmoja mpole, anaitwa Neema. Akanitolea maza wawili, akawaweka juu ya kaunta. Wa kwanza mdogo, wa kijani, mnyonge mnyonge, kama amekuja kuomba msaada. Wa pili! Mweusi. Mpana. Ana vyuma vya kupozea joto vilivyochongwa kama mabega ya askari, na matundu ya ramu manne. Nikamwangalia, nikahisi naye ananiangalia.

"Kaka," Neema akasema, "ukichagua maza, hakikisha mambo matatu. Prosesa yako inakaa?"

Nikafungua daftari. (Ndiyo, nilikwenda na daftari. Nilikuwa nimejiandaa.) Namba ya prosesa nikaisoma kwa sauti ili wateja wengine wasikie. Inakaa kwa wote wawili.

"Ramu zako zinaingia?"

Nikasoma tena. Zinaingia. Baba mmoja aliyekuja kununua waya akanitazama kwa heshima.

"Na la tatu, kasha lako..."

"Dada," nikamkatiza, "kasha ni kasha. Nipe huyo mkubwa."

Akalitupia jicho kasha langu pale chini, akanitupia jicho mimi, akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani aliona nimeshikilia daftari.

Sasa niseme wazi, ili mnicheke mara moja tuyamalize. Kazi yangu ni kupima. Nawapimia watu vyumba, milango, ngazi. Juzi tu nilimkemea fundi kwa kununua kitanda kabla ya kupima mlango. Mimi huyu. Nikanunua maza bila kupima kasha.

Nikaingia mgahawa mmoja jirani na stendi, nikaagiza chai na maandazi, nikachagua meza ya pembeni iliyo kando ya pazia. Sikuweza kusubiri. Nikafungua kasha, nikamtoa maza kwenye nailoni yake, nikamshusha ndani polepole, bismillah.

Hakuingia.

Nikamgeuza. Hakuingia. Nikamlaza kwa ubavu, nikamsimamisha, nikamuinamisha kama mtu anayepitisha godoro mlangoni. Wapi! Robo nzima ikabaki nje. Jasho likanitoka. Mhudumu akaja na maandazi, akaona, akayaweka kwenye meza ya jirani.

Nikampigia Titus. Titus ni rafiki yangu, Msambaa wa kule milimani Lushoto, ni fundi kompyuta yuko Tanga mjini. Ndiye aliyenifundisha yote haya, na ndiye aliyeniambia nimtumie picha kabla ya kununua. (Sikutuma. Nilitaka kumshangaza.) Redio ya mgahawa ilikuwa juu, basi na mimi nikapandisha sauti.

"Titus! Maza haingii!"

"Haingii wapi?"

"Kwenye kasha! Nimemlaza kila namna, haingii! Amezidi urefu!"

"Amezidi kiasi gani?"

"Sana! Kichwa kimeingia, huku chini kote kumebaki nje!"

Titus akacheka. Akasema mafundi wengine huwa wanakata.

"Nimkate?" nikapiga kelele. "Nimkate maza? Una wazimu?"

"Si maza, wewe! Kasha ndilo linakatwa kidogo!"

"Hata! Kasha nimelipenda, silikati! Nitamrudisha maza nilikomtoa, wanipe mwingine, mfupi!"

"Watakubali?"

"Kwa nini wasikubali? Tangu nimchukue hata joto hajapata! Leo leo naondoka naye. Jioni yuko nyumbani, kesho nafunga kazi!"

Titus akataka kuongeza kitu, simu ikazima. Chaji imeisha. Nikaitia mfukoni, nikamfunga maza kwenye nailoni, nikainuka kwenda kunawa.

Penye bomba la kunawia, nani kasimama? Bi Rukia! Jirani yake mama, wa Misima. Kumbe alikuwa amekaa nyuma ya lile pazia muda wote, amekuja Korogwe kwa shughuli zake. Ameshika ncha ya khanga mdomoni, macho mekundu. Nikadhani ni moshi wa jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba," akasema. "Marahaba mwanangu. Pole. Pole sana."

Nikashangaa. Miaka mitatu sijasikia neno "mwanangu" kutoka kwa mama huyu.

"Nimekusikia kwenye simu," akaendelea, sauti inatetemeka. "Nimesikia yote."

Jamani, moyo wangu ukajaa furaha. Nikasema kumbe! Mama wa Misima, na anafuatilia mambo ya kompyuta!

"Ndiyo hivyo mama. Sikutegemea kabisa. Asubuhi namwona, nasema huyu hana tatizo lolote."

"Ni ghafla!"

"Ghafla sana. Ila kosa ni langu, sikupima."

"Usijilaumu. Hakuna binadamu anayepima siku yake." Akajifuta macho. "Na hilo sanduku, huwezi kupata kubwa?"

"Sanduku halibadiliki mama, hilo limeshapita. Nabadilisha maza."

Akanitazama muda mrefu. Kisha akaniwekea mkono begani, taratibu, kama unavyomshika mtu aliyesimama ukingoni mwa kisima.

"Jikaze mwanangu," akasema. "Wewe ni mwanaume. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Asante mama. Nimeshajikaza, sikati tamaa hata kidogo."

Akaondoka mbiombio, hata chai yake hakuimaliza. Mimi nikarudi kwenye kasha langu nikiwa na nguvu mpya. Nilijiambia, kama hata Bi Rukia yuko upande wangu, nani atanizuia?

Dukani Neema hakunisema. Alimpokea yule mkubwa, akanipa yule mdogo wa kijani, akasema tu, "Mjaribu hapa hapa kaka." Nikamjaribu hapo hapo. Akaingia kama kisu kwenye ala yake! Kila tundu la skrubu likakaa mahali pake. Nikamfunga skrubu zote, nikachomeka prosesa na ramu nilizokuja nazo, nikafunga kioo. Nilimdharau bure. Mdogo, mnyonge, lakini anajua kukaa kwenye nyumba ya watu.

Nikaenda kwa dada nimevimba kichwa. Umeme ulikuwa umekatika, simu haikupata chaji. (Kumbukeni pia kwamba dada amebadilisha laini mwezi huu, na mama simu yake huibeba ikiwa imezimwa, eti isiishe.) Tukala, tukaagana, tukapanda gari, mimi na mama na kasha.

Tuliposhuka Misima jua lilikuwa limeanza kulegea. Kutoka barabarani hadi nyumbani kwa mama ni kibarabara kifupi. Mama yuko mbele na mkongojo wake, mimi nyuma nimebeba kasha begani na mkoba wake mkononi. Mara mama akasimama.

"Mbwana. Kwangu pana watu."

Nikatazama. Pana watu kweli. Pikipiki zimeegeshwa mstari mzima. Turubai limefungwa kutoka kwenye paa hadi kwenye mpapai. Wanaume wako kwenye mabenchi, kofia kichwani, wameinamisha nyuso. Masufuria makubwa yako motoni. Na kutoka ndani, sauti za wanawake.

Mama akanishika mkono mpaka kucha zikaingia.

"Ni msiba," akasema. Akahesabu kwa macho wale walioko nje, mmoja mmoja, akimtafuta mtu. Hakumwona. Akautazama mlango wa jirani, umefungwa. Uso ukambadilika.

"Ni Rukia," akasema kwa sauti ndogo. "Uani kwake hapatoshi, wamekuja kulia kwangu. Ni Rukia! Rukia kafa na hatusemezani!"

Nikataka kumwambia nimemwona leo leo Korogwe, ni mzima. Sikuwahi. Mkongojo ule kule! Goti? Goti gani! Mama alipita katikati ya wanaume wale anakimbia, khanga inaburuzika, analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu tumzike baba.

"Rukia wangu! Rukia nisamehe! Kwa ajili ya mihogo, Rukia! Mihogo!"

Wanaume wakainua nyuso. Nikaona benchi la kwanza likipinduka. Mzee mmoja mwenye tasbihi aliruka ua wa minyaa, na mzee huyo nimezoea kumwona akishikwa mkono kuvuka mfereji. Kijana mmoja akawasha pikipiki, akaondoka, akamwacha mwenye pikipiki. Mtu akapaza shahada. Wengine wakapaza tu.

Ndani nako, wanawake hawakujua lolote. Bi Rukia alikuwa katikati ya mkeka, amejifunga kibwebwe, analia kuliko wote. "Mwanahawa wangu! Mwanahawa nisamehe! Umekwenda hatujapatana! Ni mbuzi tu, Mwanahawa!"

Mama akaingia mlangoni na kilio chake. Bi Rukia akainua uso na kilio chake.

Vilio vyote viwili vikakatika kwa pamoja.

Wakatazamana. Mama akarudi nyuma hatua moja, akajigonga kwenye mlango. Bi Rukia akarudi nyuma akiwa amekaa, kwa makalio, mpaka ukutani. Halafu wakapiga yowe. Si mmoja, wote wawili, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye mzimu! Wanawake waliobaki wakatokea dirishani. Nyumba ya mama ina dirisha moja upande ule, ramani nilichora mwenyewe, na sikulipimia watu kumi na wawili kwa mpigo.

Nilikuwa bado nimesimama uani, kasha begani, sielewi kitu. Ndipo mke wangu Zaina akaja. Amevimba macho. Alikuja kutoka Handeni mjini baada ya kupigiwa simu, amenipigia mimi mchana kutwa hapatikani. Akamtazama mama kupitia mlangoni. Akanitazama mimi. Akauliza polepole, kwa ile sauti ambayo waliooa wanaijua:

"Mbwana. Wewe ulisema nini huko Korogwe?"

Watu wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kwa tahadhari. Shehe akatangulia. Bi Rukia akatolewa nje ameshikwa huku na huku, akaninyooshea kidole.

"Ni yeye! Nimemsikia kwa masikio yangu! Alisema maza haingii kwenye kasha! Alisema kichwa kimeingia, chini kumebaki! Alikuwa anashauriana na mtu wamkate!"

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumkata?"

"Na alisema atamrudisha alikomtoa," Bi Rukia akaendelea, "wampe mama mwingine mfupi! Nikajua mtoto amechanganyikiwa kwa uchungu, nikakimbia kuwaambia."

Macho yote kwangu. Nikalishusha kasha polepole, nikaligeuza upande wa kioo, nikalinyanyua juu watu wote waone.

"Maza," nikasema, "ni huyu hapa."

Kuku akapita. Shehe akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu?"

"Ndiyo shehe. Ni kibao cha kompyuta. Mafundi wanakiita maza."

"Hiki cha kijani?"

"Ndiyo shehe."

"Na ndiye aliyezidi urefu?"

"Hapana shehe. Aliyezidi urefu nilimrudisha. Huyu ni yule mfupi."

Shehe akavua miwani. Akakohoa. Akageuka kutazama mpapai, mabega yanamtetemeka, na mpaka sasa sina hakika kama alikuwa analia au anafanya lile jambo jingine.

Basi wakaanza. Kicheko cha msibani kikianza hakizuiliki. Waliokuwa wanalia ndio waliocheka zaidi. Yule mzee wa tasbihi alipitishwa tena juu ya minyaa, safari hii kwa kubebwa. Kila mtu akataka kumwona maza. Wakapanga mstari, kama wanaokwenda kutoa heshima za mwisho, wanachungulia kwenye kioo, wanatikisa kichwa. Mama mmoja akasema, "Mungu amlaze pema," na mstari wote ukaanguka.

Zaina hakucheka. Zaina aliniambia kilichoendelea mchana kutwa nikiwa sipo, neno kwa neno, nami nikawa natazama viatu vyangu. Kwamba kulikuwa na mabishano makali kwenye mabenchi kuhusu sanduku: tangu lini Waislamu wakazika na sanduku, na kama ni la kusafirishia, kwa nini mtoto msomi anunue dogo. Kwamba mjomba wangu mmoja alisema hii ndiyo hasara ya kusomesha watu kuchora.

Na mama je? Mama na Bi Rukia waliketishwa kwenye mkeka mmoja, wakapewa maji. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Kwa hiyo," mama akasema, "ulikuwa unanililia mimi?"

"Na wewe ulikuwa unamlilia nani?"

"Wewe."

"Muongo."

"Machozi haya hapa, yashike."

Bi Rukia akamshika shavu kweli. Akaangalia kidole. Akakifuta kwenye khanga yake, akaanza kulia upya, na mama naye akaanza, na safari hii hakuna aliyekimbia.

Baadaye harufu ya nyama ikawafikia. Mama akauliza kitoweo kimetoka wapi. Bi Rukia akasema yeye ndiye aliyechinja. Angefanya nini, msiba ni wa jirani. Mama akaletewa sahani. Akatafuna kipande cha kwanza, akafikiri.

"Rukia. Ni yule yule?"

"Yule yule."

Mama akatafuna cha pili. "Basi mihogo yangu imerudi," akasema, na Bi Rukia akacheka mpaka akamwagia wali mkeka mzima.

Mngedhani yameishia hapo. Bado. Kutoka ng'ambo ya uzio wakaja wanaume watano wamejaa udongo mpaka kwenye nyusi, majembe begani. Wachimba kaburi. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia! Kiongozi wao, Mzee Kidua, mtu asiyependa maneno mengi, akamtazama mama anayekula, akatazama sahani, akanitazama mimi.

Tukaenda kulitazama. Shimo refu, jamani! Refu kuliko kaburi lolote nililowahi kuona. Bi Rukia alikuwa amewafikishia taarifa kwamba marehemu amezidi urefu wa sanduku, nao wakaongeza hatua mbili, wasije wakafedheheka. Mama yangu ananifika hapa kifuani. Alisimama ukingoni na mkongojo wake, akachungulia kushoto, akachungulia kulia.

"Hili mlimchimbia nani," akauliza, "twiga?"

Mzee Kidua alinigeukia. Alinikabidhi jembe. "Shimo la mtu halilali wazi," akasema. Nikamgeukia shehe kutafuta huruma. Shehe akasema dini haina neno juu ya nani afukie, lakini anaona Mzee Kidua ana hoja. Wakaleta benchi. Wakakaa wote watano, wakaletewa sahani zao, wakala nyama wakinitazama nafukia. Udongo wa Misima nadhani unaongezeka ukishachimbwa. Nilipofika katikati Mzee Kidua akanyoosha kijiko: "Kona ile hujashindilia." Nikashindilia.

Hivyo ndivyo ninavyowaandikia na malengelenge haya. Kasha liko salama chumbani kwa mama, limefunikwa kitambaa, na kesho asubuhi nalipeleka Handeni nikachomeke waya zilizobaki. Kompyuta itawaka. Hilo nimeapa, sasa kwa kiapo cha pili, na mimi kwa neno la kompyuta sirudi nyuma, hata kama nyuma kuna watu mia wananicheka.

Ila wale wa Misima mliomo humu ambao leo hamkutokea, ninyi msinicheke kabisa, kaeni mtunge udhuru: mama ameketi hapa na Bi Rukia, wanapitia jina kwa jina nani alikuja kumzika na nani hakuja.